Chakula cha Asili kwa Kima cha Dhahabu

Nchi iliyo baina ya mji wa Shinyanga na ufuo wa kusini wa Ziwa Viktoria, kwa njia ya Kahama, Masumbwe, Katoro na Nyarugusu hata kufika Geita, imepata sifa ulimwenguni kwa vitu vilivyofichwa chini ya udongo wake, na aghalabu wanaoandika habari zake husimulia almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na Dakta John Williamson mwaka 1940, au dhahabu ya Geita, ambayo mgodi wake wa zamani ulichimbwa tangu miaka ya thelathini mpaka ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mpya mkubwa ukaanza kutoa mali mwaka 2000. Ni nadra kumwona mwandishi aliyesimama akauliza watu wa nchi hiyo hula nini, nani huwapikia, na maarifa ya mapishi yao hukaa katika kifua cha nani. Mimi ni mzaliwa wa huko, nimelelewa kwa chakula cha huko, na nimefika umri wa mtu kunena lililo moyoni mwake pasipo haya. Kwa hiyo nataka kunena habari za mlo mmoja wa bei kubwa ulionihuzunisha. Fedha iliyotumika haikuwa yangu, wala siyo iliyonipa huzuni. Kilichonihuzunisha ni jambo ambalo mlo ule ulinidhihirishia juu ya heshima tunayowanyima wale wanaojua.

Chakula na dhahabu vimefungamana sana katika nchi hiyo. Mwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, kabla hajaona hata chembe moja ya dhahabu, hutangulia kutoa unga, maharage, dagaa, mafuta na kuni. Wachimbaji hushuka shimoni na kupanda wakila kwa gharama yake, pengine kwa miezi, na mawe yakishatoka ndipo hesabu hufanywa na viroba hugawanywa kwa mafungu yaliyokubaliwa. Chakula basi ndicho rasilimali ya kwanza ya mgodi mdogo. Kando ya maduara hukaa mama ntilie, ambao huwakopesha wachimbaji sahani za ugali kwa dhamana ya neno tu mpaka siku duara litakapotema dhahabu. Na duara lisipotema, hasara huwafikia wao kabla ya mtu mwingine yeyote. Habari ikivuma kwamba pahali fulani pamepatikana mawe mazuri, rashi huanza, watu humiminika huko kutoka kila upande, na kabla juma halijaisha bei ya debe la mahindi, ya kuku na hata ya maji ya kunywa huwa imepita desturi. Hivyo mtu aliyekaa sana katika miji ya migodi hujifunza kwamba bei ya chakula huko haimwambii habari za chakula chenyewe. Humwambia habari za dhahabu, kama iko karibu au imekwenda mbali.

Lakini kabla ya rashi hizo watu wa Usukuma walikuwa wamekwisha kupanga maakuli yao kwa kufuata hesabu nyingine, nayo ni hesabu ya mvua. Mvua za Shinyanga huanza mwezi wa Novemba hivi, zikakoma Aprili au Mei, kisha huja miezi mirefu ya jua kali na upepo mkavu ambamo shamba halitoi kitu. Na kwa sababu hiyo wenyeji walilazimika kuwa mafundi wa kuhifadhi. Mama yangu alikuwa akichimba viazi vitamu mwezi wa Juni, umande unapokuwa umepungua na jua limeshika nguvu. Vingine alivimenya vikiwa vibichi, akavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya majabali yaliyotapakaa katika nchi ile, na vipande hivyo vikiisha kukauka ndiyo michembe. Vingine alivichemsha kwanza katika chungu kikubwa, kisha akavimenya, akavikata na kuvianika, na hayo ndiyo matobolwa, ambayo sisi watoto wachungaji tuliyatia mfukoni na kuyatafuna mchana kutwa nyuma ya ng'ombe. Majani ya kunde nayo yalikaushwa juani yakawa nsansa, mboga ya kiangazi, ipikwayo kwa karanga zilizotwangwa. Mambo haya husemwa kwa maneno machache, lakini kuyatenda kuna elimu kubwa ndani yake: kutambua kiazi chenye maji mengi, ambacho michembe yake huoza kabla ya kukauka; kujua saa ya kugeuza vipande na saa ya kuvikusanya; kujua akiba ipi itangulie kuliwa na ipi ikae chini ya kihenge mpaka Januari, mwezi wa njaa; na siku ya kupika, kujua kwa kunusa na kwa kubonyeza kwa kidole kama michembe imekwisha kulowa au bado. Hakuna lolote katika hayo lililoandikwa katika daftari. Yalitoka kwa bibi, yakapita kwa mama, yakamfikia dada yangu.

Dada yangu huyo ana mwana aliyefanikiwa katika maduara ya upande wa Nyarugusu. Kijana huyu, mpwa wangu, ni mtu wa ihsani, asiyesahau mkono uliomlea, na baada ya duara lake kutema vizuri msimu mmoja aliazimu kumkirimu mama yake kwa karamu itakayolingana na shukrani yake. Katika mji mmojawapo wa ukanda wa dhahabu kulikuwa na hoteli kubwa, ambayo sitaitaja jina wala mahali pake, iliyotangaza kwamba kila Jumamosi usiku huandaa vyakula vya asili ya Usukuma kwa wageni wenye hadhi. Mpwa wangu alipiga simu akaweka meza, akatutumia gari, akaniambia kwa furaha isiyofichika, "Mjomba, leo mama atakula chakula cha bibi, lakini atakula akihudumiwa, bila kushika mwiko." Niliyapenda sana maneno yale. Dada yangu alivaa kitenge chake cha sherehe, akajitia mafuta, akanyamaza njia nzima kama afanyavyo mtu mwenye furaha asiyetaka kuiharibu kwa maneno.

Tulipofika tulipokewa mlangoni na vijana waliovikwa shuka nyekundu na shanga za Kimasai. Wamasai ni watu tunaowaheshimu, na mavazi yao ni mazuri yakivaliwa nao. Lakini Usukuma una mavazi yake, una ngoma ya bugobogobo inayochezwa kwa majembe, una vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu ambavyo ushindani wao umewakusanya watu viwanjani kwa vizazi, na pale hapakuwa na ishara ya lolote katika hayo. Dada yangu alimsalimu kijana mmoja kwa Kisukuma, "Mwadila," naye akajibu kwa Kiswahili kizuri cha adabu kwamba hakusikia. Hilo pekee halikuwa kosa. Kijana amekwenda kutafuta riziki mbali na kwao, kama wengi wetu tulivyokwenda. Nalitaja kwa sababu lilikuwa la kwanza, na yaliyofuata yalikuwa ya namna ile ile.

Ugali uliletwa kwanza katika kijisahani cha mti kilichochongwa vizuri. Karatasi iliyo mezani ilisema ni ugali wa uwele. Ugali wa uwele una rangi ya majivu yenye kijani kwa mbali, una uzito mkononi, na una uchungu mdogo unaotaka mboga yenye karanga au maziwa. Huo tulioletewa ulikuwa sembe jeupe lililochanganywa uwele kidogo kwa ajili ya rangi. Ikaja nsansa, nayo haikuwa nsansa hata kidogo, bali mchicha mbichi uliopikwa kwa tui la nazi. Tui ni jambo jema, na nimekula mchicha wa nazi Tanga na Unguja nikamshukuru Mungu. Lakini ladha ya nsansa hutoka katika jua, ni ladha nzito ya jani lililokaushwa na kurudishiwa maji, na mtu aliyeitazamia hawezi kuipata katika jani la asubuhi ile. Maziwa ya mgando yalikuwa matamu, ya kopo la dukani. Kuku aliyeitwa wa kienyeji aliachana na mfupa kwa kuguswa tu, jambo ambalo kuku aliyekimbia uwanjani mwaka mzima halifanyi isipokuwa baada ya moto wa saa nyingi. Sato alikuwa amegandishwa katika barafu, akayeyushwa, na nyama yake ikavunjika kama mkate wa juzi, ilhali ziwa haliko mbali na mji ule, na viwanda vya Mwanza hupeleka minofu ya sangara hata ng'ambo ya bahari ikafika ingali na uzima wake.

Mwisho ikaletwa michembe. Ilikuja katika vibakuli vidogo vyeupe, imewekwa kwa mpango mzuri wa macho, imenyunyiziwa sukari na kuzungushiwa malai, na juu yake zimetupwa karanga nzima za kukaanga. Dada yangu aliitazama kwa muda. Akachukua kipande, akakitia kinywani, na mimi niliyekaa mkabala wake nikausikia mlio wa meno yakikutana na kitu kigumu; maana michembe ile haikulowekwa vya kutosha, nje yake ilikuwa laini kwa sababu ya kuchemshwa kwa haraka, na ndani ilikuwa ingali kavu. Mimi nami nikaonja cha kwangu. Harufu ya gunia lililokaa ghalani pahali penye unyevu ilikuwamo, na sukari haikuweza kuifukuza. Dada yangu alikimeza kipande kile kwa heshima ya mwanawe, akanywa maji, akakunja mikono juu ya meza. Mpwa wangu, ambaye hakuacha kumtazama, akauliza, "Mama, mbona huli?" Naye akajibu, "Nimeshiba, mwanangu, Mungu akubariki."

Hesabu ilipoletwa mpwa wangu aliilipa kwa taslimu bila kuuliza neno. Nilikiona kiasi kile, na nikakijua. Nimeishi katika nchi ya migodi muda wa kutosha kutoshangazwa na bei. Sijaona hata leo kwamba bei kubwa ni dhambi. Hoteli ile ina jenereta, ina walinzi, ina vitambaa vya meza vinavyofuliwa kila siku, na mwenye mali ana haki ya kupata faida. Lakini mtu akiuza kitu kwa jina, jina hilo ni amana, na amana ya jina la chakula ni nzito kuliko ya bidhaa nyingi, kwa kuwa mlaji hulipokea ndani ya mwili wake na ndani ya kumbukumbu zake kwa wakati mmoja. Mgeni kutoka mbali aliyekula meza ya jirani yetu usiku ule aliondoka akiamini kwamba amekula nsansa. Atawasimulia wenziwe kwao kwamba Wasukuma hula mchicha kwa nazi, na michembe ni kitu kigumu kinachohitaji sukari. Huyo alidhulumiwa zaidi kuliko sisi, maana sisi tulikuwa na kipimo mioyoni mwetu, naye hakuwa nacho.

Kabla ya kuondoka niliomba kumwona mpishi, na niliomba kwa upole, kwa sababu sikutaka kijana wa watu agombezwe kwa ajili yangu. Alikuja akifuta mikono, akanishika mkono, akasema, "Shikamoo, mzee." Nikamwitikia, nikamwuliza amejifunza wapi kupika michembe. Akanyamaza kidogo, kisha akanijibu kwa unyofu ulionifanya nimpende papo hapo. Alisema, "Mzee, mimi nimesomea mapishi chuoni, nikafundishwa supu, mikate na nyama za kizungu. Hapa nilipewa orodha ya majina, nikaambiwa hivi ni vyakula vya asili, vipike vipendeze. Michembe huletwa na mfanyabiashara kwa gunia. Mimi sijapata kumwona mtu akianika kiazi maisha yangu yote." Nikamwuliza kama mwenye hoteli hakupata kumletea mtu wa kumfundisha. Akasema, "Nani, mzee? Mtu wa michembe?" Aliuliza kama mtu aliyesikia jambo hilo kwa mara ya kwanza, na wala hapakuwa na dharau katika sauti yake.

Nilipokuwa nikirudi usiku ule nilikumbuka hadithi ya sahibu yangu mmoja, bwana shamba aliyetumikia wakulima wa mpunga katika majaruba ya Shinyanga, ambaye katika miaka ya themanini, wakati Wajapani walipokuwa wakisaidia kilimo cha umwagiliaji huko Moshi, alipelekwa Japani kusomea mpunga. Mafunzo yalipokaribia kwisha wenyeji wake walimwalika katika nyumba moja ya kale ya chakula katika mji wa Kyoto, nyumba ambayo mtu haingii ila kwa kujulishwa na mwingine, na ambayo bei yake, kama alivyokuja kuambiwa, ilikuwa ya kutisha. Alikwenda na njaa ya mtu aliyeahidiwa karamu. Akavua viatu, akaketi juu ya mkeka, na mama mwenye nyumba akapiga magoti kumkaribisha. Kisha vikaanza kuja vyombo, kimoja baada ya kimoja, na kila kimoja kimebeba kitu kidogo: vipande vitatu vya samaki mbichi juu ya jani, bakuli la mchuzi mweupe ambao ulionekana kuwa maji matupu, mboga moja iliyokatwa kwa umbo la ua la msimu ule. Wali, ambao kwake yeye ndio chakula na mengine yote ni kitoweo, na ambao alikuwa amevuka bahari kwa ajili ya kuusomea, haukuonekana mpaka mwisho kabisa, pamoja na kachumbari ya chumvi na bakuli la supu, wakati yeye alipokwisha kata tamaa. Alitoka na njaa. Aliniambia kwamba alisikitika sana, akaona fedha ya wenyeji wake imepotea bure.

Lakini hakuishia hapo, na ndiyo maana hadithi yake ilinirudia. Alisema kwamba miaka ilipopita aliendelea kuukumbuka mchuzi ule mweupe, na akatambua kwamba ladha yake ilikuwa kubwa kuliko rangi yake. Mchuzi huo, ambao ndio msingi wa mapishi mengi ya kale ya Wajapani, hutengenezwa kwa vitu viwili vikavu: mwani wa baharini uliokaushwa, na samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi, na kukaushwa kwa majuma na miezi, mpaka awe mgumu wa kuparuzwa kwa randa. Mji wa Kyoto uko bara, mbali na pwani, na mwani wake ulikuwa ukiletwa kwa marikebu kutoka kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido. Watu wake walikula vikavu kwa sababu walilazimika, kama sisi tulivyolazimika, kisha wakaufanya ulazima ule kuwa ustadi, na ustadi ule kuwa fahari. Mwaka 1908 mwanachuoni wao Kikunae Ikeda aliuchunguza mwani huo akatoa ndani yake asili ya ladha ile ya tano ambayo leo wapishi wa dunia nzima huitambua. Na mambo ya jikoni kwao hayakuanza kuheshimiwa juzi: mtawa Dōgen aliandika mwaka 1237 kitabu kizima cha kumwelekeza mpishi wa hekalu kazi yake, akiihesabu kuwa ni ibada, na mwezi wa Desemba 2013 shirika la UNESCO likauandikisha utamaduni wa chakula cha Wajapani katika urithi wa wanadamu.

Sahibu yangu alisikitishwa na mlo wa kweli ambao hakuujua, na masikitiko ya namna hiyo ni ya heri, kwa sababu muda na maarifa huyalipa. Dada yangu alisikitishwa na mlo ambao aliujua vyema kuliko waliomwandalia, na hayo muda hayayalipi, huyazidisha. Tafauti ya nyumba mbili zile haikuwa katika utajiri wala katika umbo la vyombo. Kule Kyoto kitu kikavu kiliwekwa mbele kwa kuwa ni kikavu, na mtu aliyekitengeneza alikuwa na miaka ya kufundishwa nyuma yake na ujira unaomtosha mbele yake. Huku kwetu kitu kikavu kilionewa haya. Nsansa ikabadilishwa kwa jani bichi ili ionekane nzuri, michembe ikafunikwa kwa malai ili isionekane kuwa ni chakula cha kiangazi. Nadhani hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Tumezoea kudhani kwamba chakula kilichobuniwa ili kuishinda njaa ni chakula cha mtu mwenye njaa, hivyo kikitaka kupanda mezani kwa tajiri hakina budi kuvikwa vazi la kuazima.

Wala si lazima iwe hivyo, na ushahidi uko karibu. Jirani zetu wa Kenya walikuwa nao wamezionea haya mboga za mababu, mnavu, mgagani na majani ya kunde, hata watoto wakawa hawajui majina yake. Tangu mwaka 2007 wakashika kazi ya kuyakusanya maarifa hayo kutoka kwa wazee na kuyarudisha shuleni na sokoni, na mwaka 2021 UNESCO ikaiweka kazi yao katika daftari la mifano mizuri ya kuhifadhi urithi. Na Shinyanga yenyewe imekwisha kutenda mfano wa jambo hili katika ardhi. Nchi ilipokuwa imekatwa miti ikabaki vumbi, Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, na wataalamu wa mradi huo walifanya jambo la busara kubwa: waliwaendea wazee wakawauliza desturi ya ngitili, ile ya kutenga malisho yakapumzika mpaka kiangazi, wakaijenga kazi yao juu ya desturi hiyo. Miti ikarudi, nyasi zikarudi, kuni zikapatikana karibu. Mzee aliyeulizwa habari za ngitili aliketi na bwana misitu kama mwenziwe katika elimu. Bibi ajuaye michembe hajapata kuketishwa hivyo na mtu yeyote.

Asubuhi iliyofuata dada yangu alitaka kwenda sokoni, nami nikafuatana naye. Mahali pa vyakula vikavu palikuwa na wanawake wameketi nyuma ya mafungu ya michembe, matobolwa, udaga na dagaa, wakipima kwa kopo na kwa sado. Dada yangu alipita fungu moja baada ya jingine, akichukua kipande, akikivunja, akinusa pale palipovunjika, akikirudisha. Kwa mama mmoja wa makamo akasimama. Walisalimiana kwa Kisukuma kwa kirefu, wakaulizana kwao na ukoo wao, kisha wakaanza mazungumzo ambayo mimi niliyasikiliza kama mwanafunzi: kwamba michembe ya mwaka jana hukataa maji ya baridi na hutaka kulazwa usiku kucha, ilhali ya mwaka huu hutosheka na nusu ya muda huo, kwamba iliyoanikwa juu ya bati huwa na rangi nzuri lakini ya juu ya jabali hukauka sawasawa pande zote, kwamba karanga zitiwe zikiwa zimetwangwa, michembe inapokaribia kuiva, zikitangulia mno huganda chini ya chungu. Hapakuwa na jambo hata moja katika hayo ambalo mpishi wa usiku ule asingeweza kujifunza kwa siku chache, lau angekuwapo mtu wa kumfundisha.

Nikamweleza mama yule habari za hoteli. Hakucheka wala hakushangaa. Alikuwa akiijua, maana mfanyabiashara anayewauzia hununua kwake pale pale, na huchagua magunia ya bei ya chini, yale yaliyobaki. Nikamwuliza, kama wangemwita awafundishe vijana wa jikoni, angekwenda? Alifikiri, akamwuzia mteja mmoja kopo mbili, akarudisha chenji, ndipo akanijibu. "Nitakwenda, baba. Lakini wasiniite siku ya wageni tu, nikasimamishwa mlangoni na kibuyu nipigwe picha. Waniite mwezi wa sita, viazi vinapochimbwa, wanipe mahali pa kuanika na wasichana wawili wa kuwafunza, na wanilipe kwa mwezi kama wanavyomlipa mlinzi wa getini. Posho ya siku sitaki." Dada yangu aliitikia kwa kichwa akasema kwamba hayo ni maneno ya haki, akanunua sado mbili. Mpwa wangu anafahamiana na mwenye hoteli, kwa kuwa wote wawili huuza dhahabu yao katika soko moja la madini, na nilipomfikishia maneno ya yule mama, pamoja na sharti la mshahara na la mwezi wa sita, aliyaandika katika simu yake akaahidi kuyapeleka kama yalivyo.